UZI: Mayai ya kutotolesha yanayosafiri hadi Tabora na Kigoma, yanafia wapi na tunayaokoaje

#1 Mulika_Kwanza (Tabora)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna swali linarudi humu kila baada ya siku chache: mtu kaagiza trei mbili kutoka Dar au Mwanza, mayai 60, wametoka vifaranga 18, anauliza nani kamtapeli. Mara nyingi hakuna utapeli hapo. Yai lililotoka Dar hadi Tabora limepigwa zaidi ya kilomita 800, na likiunganishwa na reli hadi Kigoma linaongeza kama 400 nyingine. Hilo si tena yai lile lililookotwa bandani asubuhi. Ni majeruhi, na majeruhi hapewi shughuli nzito siku anayofika.

Kwanza tukubaliane kwenye matarajio. Mayai ya bandani kwako, yenye mbegu, kwenye mashine iliyotulia, yanaweza kukupa asilimia 75 hadi 85. Mayai ya safari watu wenye uzoefu huyahesabia nusu. Kwenye trei ya 30 ukipata 15 uko kwenye kawaida. Ukivuka 20, aliyefunga mzigo na wewe uliyepokea wote mmefanya kazi nzuri.

Safari inaharibu vitu vinne.

Chumba cha hewa. Ule upande mnene wa yai kuna nafasi ya hewa kati ya tando mbili. Mtikisiko mrefu unazibandua zile tando, na hewa inaanza kutembea ndani ya yai badala ya kukaa mahali pake. Kifaranga akikomaa huvuta pumzi yake ya kwanza kutoka kwenye chumba hicho. Kisipokuwa mahali pake, hapati pa kuanzia.

Nyuzi za kiini. Yai ukilivunja utaona vinyuzi vyeupe viwili vilivyosokotwa, kimoja kila upande wa kiini. Vinakishika kiini katikati. Vikilegea, kiini kinapanda na kugusana na utando wa ganda, na kiinitete, yaani kifaranga kinachoanza kuumbika, kinanata hapo.

Nyufa za nywele, zile ambazo jicho halizioni mchana ila tochi inazionyesha.

Joto la kupanda na kushuka. Hili ndilo watu hawalihesabu. Yai lenye mbegu likivuka takriban nyuzi 21 linaanza kukua polepole bila mpangilio. Likikaa saa kumi kwenye buti ya basi yenye nyuzi 33, likapoa usiku, likapata moto tena mchana, kiinitete kinaanza na kusimama, kinaanza na kusimama. Kinafika kwako kimechoka, na ukikitia kwenye mashine kinafia mwanzoni kabisa. Tochi siku ya 7 itakuonyesha yai jeupe, na wewe utasema halikuwa na mbegu.

Karibuni, kila mmoja aweke anachokijua. Naomba vipimo tafadhali, maneno matupu hayamsaidii mgeni.

#2 Mzigo_wa_Reli (Kigoma)

Asante mkuu kwa uzi. Mimi naanzia kwa anayetuma, maana yai lililofungwa ovyo huku hatuna dawa nayo.

Chagua mayai ya siku 1 hadi 3. Tangu kutagwa hadi kuingia mashine isizidi siku 7. Baada ya hapo kila siku inakula sehemu ya mafanikio yako, na kwa yai la safari inakula zaidi. Usioshe. Yai lina utando wake wa nje unaoziba vitundu vya ganda, ukiliosha unawafungulia vijidudu mlango. Lenye kinyesi liache nyumbani, lisafiri safi tu.

Kufunga kwa sponji ndiko bora. Sponji ya godoro yenye unene wa sentimita 5, toboa matundu ya sentimita 4, acha sentimita 2.5 kati ya tundu na tundu. Yai linaingia ncha ikiwa chini, upande mnene juu. Chini weka sponji nyingine nzima ya sentimita 5, juu nyingine. Boksi ligandamize kidogo tu linapofungwa.

Kama sponji hakuna, tumia trei ya karatasi, siyo ya plastiki. Yai lolote linalocheza kwenye tundu lake livishe kipande cha karatasi laini ya chooni hadi litulie. Funika kwa trei nyingine tupu, funga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli njia mbili, msalaba. Kisha ingiza kwenye boksi lenye maranda ya mbao, sentimita 7 au 8 kila upande, juu na chini pia. Pumba za mpunga zinafaa lakini zinashuka njiani na kuacha nafasi, kwa hiyo zishindilie.

Likishafungwa, litikise taratibu karibu na sikio. Ukisikia chochote kikigonga, fungua uanze upya.

Toboa matundu 6 hadi 8 ya penseli pembeni. Usizungushie nailoni. Mayai yanatoa jasho ndani ya nailoni, na ganda likilowa vijidudu vinafyonzwa ndani.

Sasa kuhusu mahali pa kuweka kwenye basi. Buti ya nyuma ina mambo mawili mabaya: joto la injini, na nyuma ya ekseli ndipo basi linaporuka zaidi kwenye tuta. Katikati ya basi, kati ya tairi za mbele na za nyuma, mtikisiko ni mdogo. Ongea na konda, lipia hata kiti kama mzigo ni wa thamani. Treni inatikisa kwa mtindo mwingine, mitikisiko midogo midogo ya muda mrefu, na inachelewa, lakini hairuki kwenye makorongo. Kwa Kigoma mimi naona treni ni nzuri ilimradi mzigo uko kwenye behewa la abiria na si kwenye behewa la bati linalopigwa na jua.

Juu ya boksi andika kwa herufi kubwa: MAYAI YA KUTOTOLESHA, HUU NI UPANDE WA JUU, USIPINDUE, WEKA KIVULINI. Andika pande zote nne.

#3 Dada_wa_Urambo

Asanteni kaka zangu. Naomba kufafanuliwa hapo kwenye kupokea. Mzigo ukifika, unaweka mashine hapo hapo au unasubiri? Na hicho chumba cha hewa kilichobanduka ninakionaje? Nina tochi ya simu tu.

#4 Mulika_Kwanza (Tabora)

Dada, tochi ya simu inatosha. Kata kipande cha boksi, toboa tundu dogo kuliko yai, kama sarafu ya shilingi 200, kibandike juu ya taa ya simu ili mwanga utoke hapo tu. Chumba kiwe giza kabisa.

Mashine usiweke hapo hapo. Mzigo ukifika fungua boksi, toa mayai moja moja, yasimamishe kwenye trei ya karatasi, upande mnene juu. Yaache yatulie saa 12 hadi 24 kwenye chumba chenye ubaridi kiasi, nyuzi 18 hadi 24. Kwa Tabora ya mwezi wa 10 chumba kama hicho ni kile cha ndani kisichopigwa na jua, trei ikiwa chini sakafuni, siyo juu ya kabati. Friji ya nyumbani hapana, ni baridi mno, na yai likitoka humo kwenye hewa ya joto linaloana.

Mashine iwake siku hiyo hiyo, tupu, ili mpaka mayai yanaingia iwe imeshakaa saa 24 kwenye joto lake.

Baada ya kutulia ndipo unamulika. Shika yai upande mnene ukiwa juu, tochi ikigusa huo upande mnene. Utaona duara jeupe kama kofia, na mstari unaolitenga na sehemu ya chini yenye rangi. Sasa lilaze yai pole pole hadi lilale ubavu, kisha lirudishe. Angalia ule mstari tu.

Mstari haujasogea: yai ni zima. Andika A kwa penseli.

Mstari umeteleza upande mmoja, kofia imekaa kama tandiko la punda, lakini ukilisimamisha inarudi juu: limelegea. Andika B.

Kipovu kinakimbia ndani ya yai kila unapoligeuza, kama kile cha pima-maji ya fundi mwashi, au unaona vipovu vingi vidogo: hewa imeachia kabisa. Andika C.

Mwanga unachora mstari mweupe kama nywele kwenye ganda: ufa. Kama haujavuja na utando ni mzima, dondoshea nta ya mshumaa, tone moja jembamba, lisizibe zaidi ya ufa wenyewe. Likivuja, tupa. Yai linalovuja ndani ya mashine linaoza, linapasuka na kuchafua yote yaliyobaki.

Penseli tu tafadhali. Wino wa peni na maka unapenya kwenye ganda.

Wengi wa B wanatotoa wakitunzwa. C wachache sana, lakini waweke kama nafasi ipo, usiwahesabu tu.

#5 Ujiji_Kuku

Nakubaliana na yote ila naongeza: mayai ya B na C yasigeuzwe kabisa kwa siku 5 hadi 7 za mwanzo, hadi utando ujishike upya. Ukigeuza mapema unazidi kubandua.

#6 Mama_Vifaranga (Kasulu)

Mwanangu Ujiji_Kuku, siku 7 ni nyingi mno, na ushauri huo umewaua wengi. Siku ya 3 hadi ya 7 ndiyo siku ambazo yai linahitaji kugeuzwa kuliko wakati mwingine wote. Hapo ndipo mishipa ya damu inatandazwa kuzunguka kiini. Usipogeuza siku hizo, mishipa haienei vizuri, ute mweupe hautumiki wote, na kifaranga anafia ndani ya ganda wiki ya tatu. Mtu anamuona kafa siku ya 19 anasema ni unyevu, kumbe kosa lilifanyika siku ya 4.

Kuna njia ya katikati, nayo ndiyo hii. Mayai yote ya safari yaanguliwe yakiwa yamesimama, upande mnene juu, kwenye trei. Yasilazwe na kuviringishwa kwenye roli. Saa 48 za kwanza ndani ya mashine usiguse. Kuanzia siku ya 3 usiviringishe, bali inamisha trei nzima nyuzi 45 upande mmoja, baadaye 45 upande wa pili. Yai halipinduki, kofia ya hewa inabaki juu, na kiini kinasogea inavyotakiwa.

Kwa mkono unaweka kipande cha mbao chini ya upande mmoja wa trei. Trei ya 30 ina upana wa sentimita 29 hivi, kwa hiyo ukiinua upande mmoja sentimita 20 umefika kama nyuzi 45. Mayai yasiyobana kwenye matundu yakazie karatasi kwanza, la sivyo yatadondoka. Badilisha mara 5 kwa siku: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Namba iwe witiri, ili ule usingizi mrefu wa usiku usiangukie upande ule ule kila siku. Mashine yenye mota ya kuinamisha kila saa ni nzuri zaidi.

Mayai ya A hayahitaji kusubiri saa 48. Ila kama yako kwenye trei moja na B, subiri tu yote, haidhuru.

#7 Ujiji_Kuku

Nimekuelewa mama, shukrani. Kumbe tofauti ni kuinamisha na kuviringisha. Hapo nafuta nilichosema.

#8 Fundi_Nyuzi (Nzega)

Upande wa joto. Mashine yenye feni: 37.5, isizidi 37.8. Mashine isiyo na feni: 38.3 hadi 38.8, kipimajoto kikiwa usawa wa juu ya mayai, maana hewa ya moto inakaa juu na chini kuna baridi. Watu wanachanganya hizi mbili. Anasoma 37.5 mtandaoni, anaiweka kwenye boksi lisilo na feni, kipimajoto kiko kwenye mfuniko. Mayai yake yako kwenye 36 au chini.

Wengi wenu mashine zenu ni za mbao au friji bovu, balbu mbili na kile kithemostati kidogo cha W1209. Kina mambo mawili ya kurekebisha kabla hujaweka yai hata moja. Bonyeza SET kwa sekunde chache hadi ionyeshe P0. P0 iwe H, yaani kupasha. Kinatoka kiwandani kikiwa C, yaani kupoza. Kisha P1, hii ni pengo la kuwaka na kuzima. Inatoka ikiwa 2.0. Maana yake ukiweka 37.5 balbu inazima hapo na haiwaki tena hadi joto lishuke 35.5. Yai la safari halivumilii pembea hiyo. Weka P1 iwe 0.2 au 0.3.

Waya wa kihisi usiugusishe na balbu wala ukuta. Uning'inie katikati ya mayai, usawa wa ganda. Ukitumia balbu, tumia mbili za wati 40 badala ya moja ya 100. Moja ikiungua usiku, ya pili inayashikilia mayai hadi asubuhi.

Usiamini namba ya kwenye kioo. Chukua kipimajoto cha homa cha dijitali, kile cha duka la dawa. Weka maji ya uvuguvugu kwenye chupa ya chai, kama nyuzi 38, tumbukiza kihisi na ncha ya kipimajoto pamoja, vigusane, subiri dakika 3. Kihisi kikisema 38.4 na cha homa kinasema 37.6, kihisi chako kinazidisha 0.8. Kwenye W1209 rekebisha kwa P4, hapa weka -0.8.

Nusu nyuzi ukiona ni kitu kidogo, angalia tarehe: vifaranga wote wakitoka siku ya 19 au 20, joto lilikuwa juu. Wakivuta hadi siku ya 22 na 23, lilikuwa chini.

#9 Mzigo_wa_Reli (Kigoma)

Fundi hapo umegusa penyewe. Na unyevu? Maana huku ziwani na huko Tabora ni vitu viwili tofauti kabisa.

#10 Mulika_Kwanza (Tabora)

Ni tofauti, ndiyo maana kumwambia mtu "weka bakuli moja la maji" ni kumpoteza. Tabora miezi ya 6 hadi 10 hewa imekauka, midomo inapasuka, bakuli moja halitoshi. Kigoma mjini, Ujiji na vijiji vya ziwani wakati wa masika, unaweza usiweke maji kabisa wiki mbili za kwanza.

Kinachohesabika ni eneo la uso wa maji, kina hakina kazi. Beseni pana lenye maji ya sentimita 1 linatoa unyevu kuliko ndoo iliyojaa. Unyevu ukiwa mdogo ongeza upana, au simamisha kipande cha sponji ndani ya maji kinyonye na kutoa.

Siku ya 1 hadi 18 lenga asilimia 45 hadi 50. Kwa mayai ya B na C kaa chini kidogo, 40 hadi 45, maana chumba cha hewa kilicholegea kinahitaji kukauka kijishike. Siku ya 18 jioni panda hadi 65 au 70.

Kipima unyevu cha bei ndogo kinadanganya hadi asilimia 10. Kipime kwa chumvi. Chukua kizibo cha soda, jaza chumvi ya Uvinza ya kawaida, dondoshea maji matone machache iwe tope zito, isiwe uji. Kizibo na kipimo viweke kwenye mfuko wa nailoni unaofungika, bila kugusana, ufunge, acha saa 8 hadi 12 mahali pasipo jua. Humo ndani unyevu unakuwa asilimia 75, na haubadiliki. Kipimo kikisoma 68, jua kinapunguza 7, na kila ukisoma ongeza 7.

Ila mizani ndiyo msema kweli. Yai linatakiwa kupoteza asilimia 11 hadi 13 ya uzito wake kufikia siku ya 18. Pima trei nzima, toa uzito wa trei tupu. Mfano mayai 30 ya kienyeji, gramu 45 kila moja, jumla gramu 1,350. Kwa asilimia 12:

siku ya 7 yawe karibu gramu 1,287
siku ya 14 gramu 1,224
siku ya 18 gramu 1,188

Yakiwa mazito kuliko hapo, maji ni mengi, toa beseni. Yakiwa mepesi, ongeza. Ukitoa mayai mabovu siku ya 7, pima upya uliyobaki nayo uanzie hapo hesabu mpya, la sivyo namba zitakudanganya. Mizani ya jikoni ya dijitali inatosha.

#11 Dada_wa_Urambo

Hii ya chumvi sikuwahi kuisikia, nimeiandika kwenye daftari. Swali jingine kwa niaba ya wengi: siku ya 7 umemulika, kati ya 30 kuna 11 meupe kabisa. Muuzaji anasema mayai yake yana mbegu, ni mashine yako. Utajuaje nani mkweli?

#12 Mama_Vifaranga (Kasulu)

Vunja mayai hayo, mwanangu. Usiyatupe mazima hata moja. Yanaongea.

Vunja taratibu kwenye sahani nyeupe upande mnene ukiwa juu, ili kiini kisipasuke. Tafuta lile doa jeupe juu ya kiini. Doa dogo, jeupe la kukolea, kingo zake hazina umbo, kama tone la maziwa lililoganda: hapakuwa na mbegu. Hapo ni suala la jogoo, na muuzaji analibeba. Jogoo mmoja akipewa majike zaidi ya 10, au akiwa mnene na mzee, ndiyo matokeo yake.

Doa pana zaidi, lina duara ndani ya duara, au limetanuka kama sarafu ya rangi ya malai: mbegu ilikuwepo, kiinitete kilianza kikafa mapema kabisa. Hapo usimlaumu jogoo. Ni safari, ni joto la njiani, au ni yai lililokaa sana kabla ya kutumwa.

Pete nyekundu ya damu: kilikufa kati ya siku ya 2 na ya 5 hivi. Zikiwa chache ni kawaida ya mayai ya safari. Zikiwa nyingi, kagua joto la mashine kwanza.

Kiini kimechanganyika na ute, hakuna umbo: utando wa kiini ulipasuka njiani. Ni mtikisiko.

Na kuna jambo ambalo naomba liwe utaratibu wetu wote tunaouziana mayai humu. Muuzaji akituma 60, abakize 10 ya siku zile zile, banda lile lile, ayatie kwenye mashine yake au chini ya kuku anayeatamia. Siku ya 7 wote wawili wanamulika. Kwake 9 kati ya 10 yana mishipa, kwako 30 kati ya 60, basi tofauti imetokea barabarani au kwako. Kwake pia 5 kati ya 10, basi tatizo limetoka bandani. Ugomvi unaisha bila matusi, na anayestahili kurudishiwa fedha anarudishiwa.

#13 Singamagazi_Asili (Sikonge)

Naongeza kidogo kwa wanaoagiza. Mkiagiza mayai ya Sasso au Kuroiler kutoka kwa mfugaji wa kawaida, jueni hao ni chotara. Vifaranga watakaotoka kwenye mayai yao hawatafanana na wazazi wao, wengine watakuwa wadogo, wengine watatambaa kwa ukuaji. Kwa gharama na hatari ya safari, bora kusafirisha mayai ya kuku wa asili waliochaguliwa vizuri, kama hawa wetu wa Singamagazi wa Tabora, au kuchi. Hao wanazaa waliofanana nao.

Pia, kuku mzazi mgonjwa anamwachia kifaranga ugonjwa ndani ya yai. Kuhara kweupe kwa vifaranga kunapita kwenye yai. Muulize muuzaji kuhusu afya ya kundi kabla ya kuuliza bei.

#14 Fundi_Nyuzi (Nzega)

Wadau wamenipigia kuhusu umeme kukatika, naweka hapa kwa wote.

Umeme ukikatika, funga mashine na usifungue kuchungulia. Boksi lenye ukuta mzito linabaki na joto zuri kwa saa moja au mbili. Ikizidi hapo, jaza chupa za maji za lita 1.5 kwa maji ya nyuzi 45 hivi, mkono unavumilia bila kuungua, ziweke pembeni bila kugusa mayai, badilisha kila saa moja na nusu. Moto wa mkaa karibu na mashine usithubutu. Hewa yake ni sumu kwa mayai na kwako.

Wiki ya kwanza kiinitete kinavumilia baridi kuliko joto. Kushuka hadi 30 kwa saa 4 kunachelewesha, hakuui wote. Kupanda hadi 40 kwa saa chache ndiko kunaua. Wiki ya tatu mambo yanageuka: mayai yenyewe yanatoa joto na yanavuta hewa nyingi, kwa hiyo feni ikisimama fungua matundu ya hewa kidogo, usiyazibe kwa blanketi.

#15 Mama_Vifaranga (Kasulu)

Sasa siku ya 18, wengi wanaharibu hapa. Mayai ya kawaida unayalaza kwenye wavu yatotolee hapo. Mayai ya safari, hasa ya B, yaache yamesimama hadi mwisho. Chukua trei ya karatasi, toboa chini ya kila tundu ili hewa ipite, punguza kuta zake kwa mkasi zibaki sentimita 2, yasimamishe upande mnene juu. Kifaranga anapojigeuza kutafuta hewa, anaikuta juu ilipo. Ukiyalaza, hewa iliyolegea inakimbilia ubavuni, na yeye anaelekeza mdomo kusiko.

Acha kuinamisha. Unyevu 65 hadi 70. Matundu ya hewa yafunguke zaidi ya yalivyokuwa. Usifungue mlango. Ukifungua, unyevu unaporomoka kwa sekunde chache, na kifaranga aliyekwisha donoa utando unamkaukia mwilini kama karatasi ya gundi, hawezi tena kuzunguka.

Akidonoa nje, anaweza kukaa saa 12 hadi 24 bila kuendelea. Anapumzika, anamalizia kufyonza kiini na damu ya utando. Mayai ya safari yanachelewa nusu siku au siku moja. Mashine isizimwe kabla ya siku ya 23 kuisha.

Waliotoka waache ndani wakauke. Wana akiba ya kiini tumboni inayowatosha siku 2 hadi 3, hawana njaa.

#16 Ujiji_Kuku

Mama, na yule anayedonoa upande wa ncha? Kwa mayai ya safari wanaonekana sana. Wengi wanafia hapo hapo. Tumsaidie au tumwache?

#17 Mama_Vifaranga (Kasulu)

Huyo amejipanga vibaya, kichwa kimeelekea kwenye ncha, na mara nyingi ni kwa sababu hewa ilikuwa imelegea au yai lilisimamishwa kichwa chini njiani. Wapo wanaotoka wenyewe, kwa hiyo mpe saa 18 tangu alipodonoa, huku ukisikiliza kama analia.

Zikipita na tundu halijaongezeka, tayarisha kitambaa cha uvuguvugu chenye maji na pamba za masikioni. Mtoe mmoja tu, funga mlango haraka. Panua lile tundu alilotoboa yeye, bandua ganda vipande vidogo kama punje ya mchele, usiuvute utando. Ganda likishatoka eneo la ukubwa wa kucha, lowesha utando kwa pamba yenye maji ya vuguvugu. Maji yasiingie kwenye pua yake. Utando uliolowa unakuwa wazi na utaona mishipa. Mishipa ikiwa bado minene na myekundu, acha, mrudishe mashine, subiri saa 4 hadi 6 uangalie tena. Tone la damu likitoka, gandamiza kwa pamba, rudisha, usiendelee. Mishipa ikiwa imesinyaa na utando ni mweupe, fungua hadi kichwa kiwe huru, kisha mwache mabega na miguu azisukume mwenyewe ndani ya mashine.

Na yai lake ulilofungulia liandike namba, na kama lilikuwa A, B au C. Ukimaliza kutotolesha weka hapa: A ngapi ziliingia na ngapi zimetoka, B ngapi, C ngapi, zilitoka wapi, kwa basi au kwa treni, na zilikaa siku ngapi.